Nishati haipotei, mbona Luku inaisha?

Swali hilo huulizwa kila mwaka na mwanafunzi wa kidato cha pili, na mara nyingi ni yule wa dawati la nyuma ambaye mwalimu anadhani amelala. Ubaoni kumeandikwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika umbo tu. Kurasa chache mbele, kitabu kilekile kinawahimiza watu wabane matumizi ya nishati. Akirudi nyumbani Ngamiani, hapa Tanga mjini, anamkuta mama anagomba kwa sababu taa ya uani imeachwa inawaka mchana kweupe. Kama nishati haiangamizwi, inabanwa ya nini? Na uniti za Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, zilizonunuliwa juzi zimekwenda wapi?

Swali hili linastahili jibu refu. Anayelielewa ameshaielewa karibu mada nzima, na asiyelielewa atakariri kanuni ya ufanisi mpaka siku ya mtihani, kisha ataiacha getini akitoka.

Tuanze na uniti yenyewe. Nishati hupimwa kwa jouli, kipimo kilichopewa jina la James Prescott Joule, Mwingereza aliyezaliwa Salford mwaka 1818. Jouli moja ni kidogo mno. Chukua chungwa la Muheza lenye uzito wa gramu 200, linyanyue nusu mita kutoka mezani: umelipandisha kwa jouli moja, tukihesabu mvutano wa dunia kuwa 10 kama wanavyofanya shuleni. Uniti moja ya Luku, yaani kilowati moja kwa muda wa saa moja, ni jouli 3,600,000. Kwa jouli hizo ungeweza kunyanyua tani nzima ya mkonge mpaka mita 360 juu. Anayesema "uniti moja tu" hajawahi kubeba robota.

Mita ya Luku huhesabu jouli zinazoingia ndani. Haihesabu zinazotoka, na fundo lenyewe lipo hapo, kwa sababu zote hutoka. Friji, feni, runinga, pasi, redio: kila jouli iliyoingia kwa waya huishia kuwa joto, iwe sasa hivi au baadaye kidogo, na joto hilo hupenya ukutani na kwenye bati likaenda nje. Tanga ina msemo wake kwa wageni, waja leo warudi leo. Joto hili si mgeni wa namna hiyo, likishatoka halirudi. Halijaangamia, lipo. Limesambaa kwenye hewa ya mtaa mzima, limeipandisha kwa kiasi ambacho hakuna kipimajoto cha nyumbani kingekiona, na mwishowe linakwenda zake angani kwa mnururisho, yaani kwa kusafiri bila kuhitaji hewa wala kitu cha kulibeba.

Chukua noti ya shilingi 10,000, ichenji kwa sarafu za 50, kisha zimwage sarafu zote 200 kwenye mchanga wa Raskazone maji yakiwa yamekupwa. Hakuna hata senti iliyoungua. Mhasibu akija atasema mali ipo palepale, shilingi 10,000 kamili. Lakini jaribu kuinunulia samaki. Umeme ni noti, na joto lililosambaa ni sarafu za mchangani. Jumla haibadiliki kamwe, na hiyo ndiyo maana ya ile sentensi ya ubaoni. Kinachoisha ni uwezekano wa kuitumia hiyo jumla kwa kazi yoyote, na huo ndio unaoulipia unapoingiza namba za Luku.

Mwanafunzi wa nyuma alikuwa na haki ya kuuliza, basi. Kitabu kinasema "bana nishati" pale ambapo kingepaswa kusema "bana nishati iliyo katika hali ya kutumika". Ni maneno mengi, nakubali.

Jagi, feni na wati

Jirani yangu huwa haachi kunitania: "Mwalimu, hilo jagi lako la umeme linakula umeme, shauri yako." Yeye huchemsha chai kwa mkaa, kisha hulala na feni inayozunguka mpaka alfajiri, na hajawahi kuisema feni hata siku moja.

Jagi langu limeandikwa wati 2,000 chini ya kitako. Wati ni jouli kwa sekunde, yaani kasi ya kumeza nishati. Haisemi umemeza kiasi gani mpaka useme kwa muda gani. Jagi likijazwa lita 2 huchukua kama dakika 6 mpaka lijizime. Sekunde 360 mara 2,000 ni jouli 720,000, ambazo ni sehemu mbili ya kumi ya uniti. Feni ya wati 55 ikizunguka saa 9 inameza karibu nusu uniti. Usiku mmoja wa feni ni zaidi ya majagi mawili ya chai. Jagi lina pupa, feni ina subira, na Luku haijali pupa wala subira.

Sasa tuingie ndani ya jagi. Kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji jouli 4,200 hivi. Maji ya bomba hapa Tanga hutoka yakiwa na nyuzi 27 au zaidi, kwa hiyo mpaka 100 ni safari ya nyuzi 73. Kilo 2, mara 4,200, mara 73, tunapata jouli 613,200. Hizo ndizo zilizoingia kwenye maji. Zilizoingia kwenye jagi ni 720,000. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa 100, unapata 85. Huo ndio ufanisi: asilimia 85.

Zile 106,800 zilizobaki unaweza kuzitafuta kwa mkono. Gusa ubavu wa jagi la bati wakati linachemka na utaondoa mkono haraka: joto limepita kutoka kwenye maji kwenda kwenye chuma kwa kugusana, na huo ndio mpitisho. Weka kiganja juu ya mdomo wa jagi, usikikaribishe sana, utahisi hewa ya moto na mvuke vikipanda. Hewa iliyopashwa hupanuka, huwa nyepesi na kupanda, nayo ya baridi inashika nafasi yake, ndio myuko. Kisha kiweke kiganja pembeni, umbali wa kidole hivi, bila kugusa: bado unahisi uvuguvugu, na huo ni mnururisho, ambao hauhitaji hewa wala chuma na ndio uliolileta joto la jua mpaka hapa. Vitabu huchora picha tatu tofauti kwa njia hizi tatu, kana kwamba joto huchagua moja na kuziacha nyingine. Jikoni zote tatu hufanya kazi kwa pamoja.

Myuko una sura kubwa zaidi nje ya dirisha. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa ya juu yake hupanda, na upepo huvuma kutoka baharini kuziba pengo. Usiku mambo hugeuka. Mvuvi wa ngalawa anayetoka kabla ya alfajiri na upepo wa bara, akarudi alasiri na wa bahari, anasukumwa na jambo lilelile linalotokea juu ya mdomo wa jagi.

Manufaa kwa nani?

Kanuni ya ufanisi ni fupi: nishati iliyofanya kazi uliyoitaka, gawanya kwa nishati yote uliyoingiza, zidisha kwa 100. Watoto huikariri kwa dakika mbili. Shida ipo kwenye maneno "uliyoitaka", kwa sababu fizikia haina matakwa. Mwenye matakwa ni mtu.

Chukua globu ya zamani yenye waya unaong'aa, ya wati 60. Nishati inayotoka kama mwanga unaoonekana ni karibu asilimia 5 tu, iliyobaki yote ni joto. Taa ya LED ya wati 9 hivi hutoa mwanga unaokaribiana na huo. Kwa hiyo tunasema globu ile ni mbovu, na ni kweli kwa anayesoma usiku. Lakini ichukue globu hiyohiyo uitundike kwenye banda la vifaranga wa siku chache, pale Mikanjuni au popote watu wanapofuga kuku uani. Kinachotakiwa pale ni joto. Ghafla karibu jouli zote zinafanya kazi iliyotakiwa, na hata ule mwanga ukigonga ukuta wa banda unamezwa na kuwa joto. Taa ni ileile, waya ni uleule, na ufanisi umetoka 5 ukakaribia 100. Hakuna kilichobadilika kwenye taa. Limebadilika swali.

Ndiyo maana sipendi kusikia "kifaa hiki kina ufanisi wa asilimia kadhaa" bila maelezo. Namba ya ufanisi isiyosema kazi gani ilitakiwa, na hesabu ilianzia wapi, ni nusu ya taarifa.

Maharage yanalionyesha jambo hili vizuri kuliko taa. Sufuria ya maharage ikishaanza kuchemka, maji yamefika nyuzi 100 na hayatapanda zaidi, hata ukichochea moto ukafika darini. Joto lote unaloongeza linafanya mambo mawili: linafidia lile linalovuja kwenye ubavu wa sufuria, na linageuza maji kuwa mvuke. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunameza jouli kama 2,260,000, zaidi ya mara 7 ya zile zilizotumika kuyatoa nyuzi 27 mpaka 100. Maharage yenyewe hayahitaji mvuke, yanahitaji kukaa kwenye nyuzi 100 kwa muda. Kwa hiyo baada ya kuchemka, ukihesabu kwa ukali, ufanisi wa moto wako ni karibu na sifuri. Kila kitu ni hasara, unachochagua ni ukubwa wa hasara tu. Bibi zetu waliopunguza kuni, wakafunika chungu na kukiacha kichemke taratibu kabla ya kutia tui walikuwa sahihi kabisa, na jiko la presha la umeme linaloivisha maharage kwa umeme kidogo halina muujiza: limezuia mvuke usitoke, limefunikwa vizuri ubavuni, na presha imepandisha kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 100.

Hesabu inaanzia wapi

Sasa tumrudie jirani na mkaa wake. Jiko la mkaa la kawaida la bati hupeleka kwenye sufuria kama asilimia 20 mpaka 25 ya joto la mkaa. Jiko banifu lenye udongo ndani, likiwa zima, hufika 30 na zaidi. Mafiga matatu na kuni huwa kati ya 10 na 15, na wote tumeshazoea kuyacheka. Kwa hesabu hii mkaa umeyashinda mafiga, na ndivyo inavyosomeka kwenye mabango mengi.

Lakini mkaa haukuzaliwa kwenye gunia. Mchoma mkaa hulundika magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyaunguza kwa hewa ya kubana siku kadhaa. Kupata kilo moja ya mkaa kwa tanuri la udongo la kawaida huhitaji kuni kilo 6 mpaka 10, kutegemea ukavu wa mti na ustadi wa mchomaji. Tuchukue 7. Kilo moja ya kuni kavu ina jouli milioni 16 hivi, kwa hiyo zimeingia jouli milioni 112. Kilo ya mkaa iliyotoka ina milioni 30. Zaidi ya asilimia 70 imebaki porini kama moshi na joto. Zidisha sasa: asilimia 27 ya tanuri kwa asilimia 25 ya jiko inakupa pungufu ya 7.

Kwa maneno mengine, ukianza kuhesabu kwenye mti na si kwenye gunia, mafiga yanayochekwa yanaushinda mkaa. Hilo si pendekezo kwamba turudi kwenye mafiga. Moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha unaharibu vifua vya watu, na hakuna anayepanga chumba kimoja Makorora atakayepika kwa magogo. Ninachosema ni kwamba namba mbili, 25 na 7, ni za kweli zote, za jiko lilelile, siku ileile. Tofauti yake ni mahali ulipoweka mkono na kusema "nahesabu kuanzia hapa".

Na jagi langu lisijivune mapema, maana umeme nao una asili yake. Mkoa huu umebahatika kuwa na asili ya kuonekana kwa macho. Mto Pangani unashuka kutoka bara kuelekea bahari, na njiani umewekewa mitambo: Hale, wa megawati 21, uliowashwa mwaka 1964, na chini yake New Pangani Falls wa megawati 68, wa mwaka 1995. Juu zaidi, nje ya mkoa, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu lenye mtambo wa megawati 8. Maji yaliyo juu yana nishati ya kimo, yakishuka kwenye bomba inakuwa nishati ya mwendo, yakipiga mapanga ya tabo yanaizungusha, tabo inazungusha jenereta, na jenereta inatoa umeme. Katika mnyororo wote huo hakuna moto, na ndiyo maana ufanisi wake ni mkubwa: mtambo mzuri wa maji hufika asilimia 90.

Tukokotoe chai yangu kwa maji ya mto. Jagi limemeza jouli 720,000. Tuseme asilimia 15 ya umeme hupotelea kwenye nyaya na transfoma kabla ya kunifikia, na mtambo unageuza asilimia 90. Basi nishati ya kimo iliyohitajika ni kama jouli 940,000. Tani moja ya maji ikianguka mita 100 hutoa 1,000,000. Kwa hiyo, ili nichemshe lita 2 za chai, karibu tani nzima ya maji lazima iporomoke mita 100. Mapipa ya lita 200, karibu matano, kwa birika moja. Nilipowapa wanafunzi hesabu hii walidhani nimekosea sufuri.

Hatujakosea. Mvutano wa dunia ni dhaifu na joto ni zito. Tazama upande wa pili: maji yakianguka mita 100 bila kuzungusha chochote, nishati yake yote ya kimo ikageuka joto kule chini, yangepanda nyuzi 0.24 tu. Joule aliliona hili mapema. Katika miaka ya 1840 alitumia mizito inayoshuka kuzungusha makasia ndani ya chombo cha maji, akapima kwa kipimajoto jinsi maji yanavyopata joto kidogo, na akakadiria kwamba maji ya chini ya maporomoko ya Niagara lazima yawe na joto zaidi ya ya juu kwa takriban sehemu moja ya tano ya nyuzi ya Farenhaiti. Kabla yake wengi waliamini joto ni aina ya majimaji yanayopita kutoka kitu hadi kitu. Alionyesha kwamba kazi na joto ni sarafu moja.

Siku hizi, bila shaka, siwezi kusema jagi langu linakunywa Pangani. Gridi ni moja nchi nzima. Kwenye waya uleule kuna umeme wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na kuna wa mitambo ya gesi ya Dar es Salaam. Jouli hazina vibandiko.

Umeme wa gesi ndio unaoleta jambo gumu zaidi katika mada hii, na wengi hulipita. Mtambo wa maji hufika 90. Mtambo wa gesi wa kawaida huishia asilimia 30 na kitu, na ile inayotumia joto la moshi wake kuchemsha maji na kuzungusha tabo ya pili hupita 60 kidogo ikiwa bora kabisa. Je, mafundi wa gesi ni wazembe kuliko wa maji? Hapana. Mwaka 1824 Mfaransa kijana, Sadi Carnot, alionyesha kwamba injini yoyote inayogeuza joto kuwa kazi lazima imwage sehemu ya joto hilo mahali penye baridi zaidi, na akaweka msingi wa kujua kikomo chake. Kikomo hutegemea nyuzi mbili tu, za upande wa moto na za upande wa baridi, zikipimwa kwa Kelvini, yaani nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273. Mvuke wa nyuzi 550 za Selsiasi ni Kelvini 823, na hewa yetu ya nyuzi 30 ni 303. Gawa 303 kwa 823, toa kwenye moja: asilimia 63. Hata malaika akiijenga injini hiyo, bila msuguano, bila uvujaji, haitapita hapo. Sarafu za mchangani zinaokoteka, lakini mwokotaji hulipwa kwa sarafu hizohizo.

Ndiyo maana injini ya bodaboda hupeleka kwenye kazi kama robo tu ya nishati ya petroli, nusu ya zilizobaki ukazihisi kwa mguu ukigusa ekzosi kwa bahati mbaya. Ndiyo maana pia garimoshi za mvuke zilizopita kwenye reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, zilikuwa za aina ya injini isiyofikisha hata asilimia 10.

Mashamba ya mkonge yalikuwa na hesabu yao ya namna hii, japo ya uzito. Nyuzi zinazotolewa kwenye jani la mkonge ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Mabaki yalikuwa yakitupwa na kuoza. Huko Hale, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuyageuza mabaki hayo kuwa gesi na kuzalisha umeme, kilowati 150. Mashine ya kukamua jani haikubadilika ufanisi hata chembe. Waliongeza tu kitu kingine kwenye orodha ya vinavyotakiwa.

Zaidi ya asilimia mia

Mwezi wa pili, joto la hapa likiwa limekolea, watu huwasha feni kwenye chumba kisicho na mtu "kipoe". Feni haipoozi chumba. Feni ya wati 55 inaingiza jouli 55 za joto kila sekunde, nyingine kutoka kwenye mota, nyingine kutoka kwenye hewa iliyosukumwa ikatulia. Inakupooza wewe, kwa sababu inaharakisha jasho lako kukauka, na jasho likikauka huchukua joto la ngozi. Ukitoka, izime.

Kufungua mlango wa friji ili jikoni papoe ni kosa la aina hiyo. Friji haiumbi baridi, inahamisha joto kutoka ndani yake kwenda nyuma yake, na umeme inaotumia unageuka joto pia. Ukiiacha wazi, jikoni panazidi kupata joto.

Kiyoyozi kinafanya uhamishaji huohuo, ila mgongo wake umewekwa nje ya nyumba. Kizuri hutumia wati 1,000 na kuondoa chumbani joto la wati 3,000. Mwanafunzi makini hapa hunyoosha kidole: ufanisi asilimia 300? Si tumesema haupiti 100? Haupiti, kama nishati inageuzwa. Hapa joto halikutengenezwa, lilikuwepo chumbani, limesukumwa tu nje. Nje zinatoka wati 4,000: zile 3,000 za chumbani na 1,000 za umeme. Jumla inalingana mpaka jouli ya mwisho. Wahandisi hawaiiti hiyo namba ufanisi, na wanafanya vyema.

Baiskeli

Nimeiacha baiskeli mpaka hapa kwa makusudi, maana mji huu huwezi kuuzungumzia bila baiskeli na fizikia ya shule huizungumzia vibaya.

Mnyororo wa baiskeli uliosafishwa na kupakwa mafuta hupeleka zaidi ya asilimia 95 ya kazi ya miguu kwenye gurudumu la nyuma. Miguu yenyewe hugeuza kama robo ya nishati ya chakula kuwa kazi, na iliyobaki ni lile jasho la shati. Mpaka hapa hesabu ni nyepesi.

Lakini mtu atoke Ngamiani mpaka Raskazone kwa baiskeli. Alipoanza alikuwa amesimama, alipofika amesimama. Njia ni tambarare, tuseme kimo ni kilekile. Nishati ya mwendo haikuongezeka, ya kimo haikuongezeka. Uliza kanuni ya ubaoni: kazi iliyobaki mkononi ni jouli ngapi? Sifuri. Ubwabwa wote na maharage yote aliyokula vimekuwa joto: kwenye hewa aliyoipasua, kwenye mpira uliokuwa ukibonyea, kwenye breki, na mwilini mwake. Ufanisi wake ni sifuri, sawasawa na lori lililofuata njia hiyo, sawasawa na maharage yanayochemka.

Kwa hiyo kwenye usafiri kanuni ile inawekwa kando, na badala yake tunauliza jouli ngapi kwa kilometa. Mtu anayetembea kwa miguu hutumia kama jouli 200,000 kwa kilometa na kidogo zaidi. Juu ya baiskeli, kwa mwendo wa kawaida wa mjini, mtu huyohuyo hutumia kati ya 70,000 na 100,000. Hana misuli mipya, ila hanyanyui tena mwili wake kila hatua na hauangushi. Bodaboda inayokwenda kilometa 40 kwa lita moja ya petroli, lita yenye jouli milioni 34 hivi, inatumia 850,000 kwa kilometa, nayo hupakia abiria, na wakati mwingine abiria wawili na gunia la machungwa katikati. Gawanya kwa vichwa kwanza, ndipo uilaumu.